Mke Mwenza Anayekaa Masjala

Watu wa Mamlaka ya Maji walimwita Komeo, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu, nalo lilikuwa limefutika nusu kwa jasho la mfuko wa shati. Mwenyewe hakulalamika. Mlango mzuri usio na komeo, alikuwa akisema, ni pambo la ukuta.

Alikuwa mtunza masjala. Chumba chake kilikuwa mwisho wa ujia wa chini, ukishapita choo cha wanaume na stoo ya mabomba mabovu, na kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta. Humo mlikuwa na rafu kumi na nane za chuma, mafaili elfu sita na ushee, ngazi ya mbao yenye vipandio vitano, kimoja cha kuepukwa, na meza ambayo juu yake hapakuwa na kitu ila mhuri, kidau cha wino na daftari la kutolea mafaili. Aliyetaka faili alisimama mlangoni akasema shida yake. Komeo alikwenda, akarudi nalo, akafungua daftari, akasubiri mtu aandike jina, cheo, saa na sababu. Mhandisi mmoja aliwahi kuandika kwenye sababu: "Kazi." Komeo alimrudishia kalamu.

"Kazi gani? Hata mwizi yuko kazini."

Mafaili yale hayakupangwa kwa namba. Namba zilikuwepo, zimeandikwa vizuri mgongoni, lakini Komeo aligundua zamani kwamba namba humsaidia kila mtu, na kinachomsaidia kila mtu hakina mwenyewe. Aliyapanga kwa kumbukumbu zake. Mafaili ya maofisa waliokuwa hawasemezani yalikaa mbalimbali. Ya mradi uliokufa yalikaa jirani na ya mradi ulioua. Barua za mabomba ya mtaa wa juu zilikuwa rafu ya chini kabisa, kwa sababu ziliingia mwaka ule alioteguka goti, akawa hapandi ngazi. Ukitaka kuielewa masjala ile ilibidi uwe umeishi miaka ishirini na sita ndani ya mwili wa Komeo, na nafasi hiyo ilikuwa imeshajazwa.

Nyumbani, mkewe alikuwa fundi wa mapazia, na kila jioni alimpokea kwa swali lilelile huku mdomo umebana pini.

"Mke mwenza wangu hajambo?"

"Nani tena?"

"Huyo anayekaa masjala. Leo umemfuta vumbi? Maana kabati langu la vyombo linakusubiri tangu mwaka jana."

"Mama watoto, zile ni karatasi. Haziwezi kujitetea."

"Na mimi nani alikwambia naweza?"

Komeo alidhani ni utani. Mkewe naye alimwacha adhani hivyo. Mwanamke anaweza kushindana na mwanamke mwenzake, akijipodoa, akinuna, akipika vizuri wiki nzima. Lakini rafu kumi na nane za chuma utazishindaje? Hazizeeki, hazinuni, wala hazina kwao pa kurudishwa.

Kwa hiyo wivu ulikuwepo katika familia kabla mambo hayajaanza. Ulichohitaji ni kazi.

Kazi ya kwanza uliipata Mamlaka ilipomwajiri ofisa wa kompyuta, mwanaume wa miaka arobaini mwenye viatu vilivyochongoka kama vinataka kuuliza swali. Alikuja kuingiza mafaili yote kwenye mfumo, moja baada ya jingine, kwa mashine ya kuskani, na ndani ya wiki moja akaitwa Skana. Alipewa chumba ghorofa ya pili, chenye kiyoyozi. Komeo alikuwa ameomba feni kwa barua, mara moja kila mwaka, kwa miaka tisa. Alipouliza, aliambiwa mashine inahisi joto. Juu ya meza ya Skana palikuwa na kikombe kilichoandikwa *Wenye wivu wajinyonge*. Komeo alikichukulia kama waraka wa kiofisi, akasubiri siku ya kuujibu.

Wakati akisubiri, alimpelekea Skana mafaili ya kuskani kama alivyoagizwa. Alianza na likizo za wafanyakazi waliokwisha kufa. Miezi mitatu baadaye Skana alikuwa bado na marehemu.

"Mzee, haya mengine lini?"

"Kwa utaratibu. Hata kaburini watu hawaingii wote kwa mpigo."

Hapo ndipo alipotokea nesi.

Alikuwa nesi mstaafu, mwanamke wa miaka sitini na saba, anatembea kama mtu anayekagua wodi. Aliandika barua tatu kwa meneja akiomba kuona faili la vipimo vya Tangi la Pili, lile lililokuwa juu ya mtaa wake. Sheria ilikuwa wazi: kumbukumbu za taasisi ya umma ni za umma, na mwananchi akiomba aonyeshwe. Mara tatu alijibiwa sentensi moja: *Faili halionekani.* Mara ya nne akaja mwenyewe, akapita mapokezi bila kusimama, akashuka hadi mlangoni kwa Komeo.

"Wewe ndiye mwenye mafaili?"

"Ndiye mimi."

"La Tangi la Pili liko wapi?"

Komeo alijua liko wapi. Lilikuwa rafu ya kumi na moja, safu ya tatu, kati ya ugomvi wa pampu na harusi ya mhasibu wa zamani. Jalada la kijani, kamba ya pamba, folio, yaani kurasa zenye namba, mia moja na nne. Angeweza kulitoa amefumba macho.

"Una kibali cha meneja?"

"Ningekuwa na kibali cha meneja ningekufuata wewe huku shimoni? Mdogo wangu, nilifanya kazi zahanati ya mtaani kwetu mpaka nilipostaafu. Kila mgao wa maji ukifunguliwa, kesho yake benchi langu limejaa watoto wanaoharisha. Bado wanaharisha. Nataka karatasi inayosema kwa nini. Mficha maradhi, unajua yanayomkuta."

"Kilio humfichua," alisema Komeo, kwa kuwa methali ikiachwa nusu ilimkera kama faili bila kamba. "Lakini si mimi nitakayelia. Lete kibali."

Nesi alimtazama, akazitazama rafu. Kisha akasema, bila hasira, jambo lililomnyima Komeo raha ya chai siku mbili: "Wewe una wivu. Nimeona waume wa namna yako wodi ya wazazi."

Hakuleta kibali. Alipeleka shauri kwenye kamati ya rufaa za taarifa, na barua ya kuitwa ikafika Mamlaka ndani ya mwezi.

Meneja alimwita Komeo ofisini kwake na kumkaribisha kiti, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla. Meneja alikuwa amelitafuta lile faili mwenyewe, Jumamosi mbili mfululizo, Komeo akiwa hayupo. Alifuata namba. Alitoka na vumbi na kipele.

"Mzee wangu," alisema, "faili la Tangi la Pili lipo?"

"Lipo, Mkuu."

"Unaonaje likiwa halionekani?"

Meneja akaendelea kwa upole. Kulikuwa na mpango wa kuunganisha masjala na kitengo cha kompyuta kuwa idara moja ya kumbukumbu, na idara inahitaji mkuu. Skana alikuwa anatajwatajwa. Lakini mtu mzima, mwenye uzoefu, aliyekaa vizuri na uongozi hadi siku ya kusikilizwa, naye angeweza kutajwa. Angemaliza miezi yake kumi na minne iliyobaki kabla ya kustaafu akiwa na chumba ghorofani, na Skana angekuwa anasimama mlangoni kwake.

Komeo aliiona ile picha yote, hadi viatu vilivyochongoka vikisubiri kwenye kizingiti.

"Nitatakiwa kusema nini?"

"Hutasema kitu. Tutasoma taarifa, wewe utakaa. Ukiulizwa, utaitikia tu kwa kichwa."

Alirudi masjala. Hakulihamisha faili. Aliligusa tu mgongo, akaliweka sawa, ingawa lilikuwa sawa.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa halmashauri, watu watatu nyuma ya meza ndefu, mwenyekiti akiwa mwanasheria mwanamke mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wainame mbele. Nesi alikaa peke yake na mkoba mapajani. Upande wa Mamlaka walikaa meneja, Skana na Komeo, kwa mpangilio huo. Hata kwenye viti Skana alikuwa amepewa cha katikati.

Skana ndiye aliyesimama kusoma. Komeo hakuwa ameambiwa hivyo. Alisoma vizuri, tena kwa madaha, taarifa aliyoiandika mwenyewe: kwamba faili tajwa halimo kwenye mfumo, kwamba mfumo ndio kumbukumbu rasmi ya kisasa, na kwamba, hapa akageuza ukurasa, *kutokana na uhifadhi duni na wa kizamani wa masjala ya chini, faili hilo limepotea.*

Mwenyekiti aliinua macho. "Mtunza masjala yupo?"

Meneja alinyoosha mkono juu ya kiti cha Skana, akamgusa Komeo kiwiko. Huu ndio ulikuwa wakati wa kuitikia kwa kichwa.

Mtu mwingine angefikiria watoto wa mtaa wa nesi. Mwingine angefikiria sheria, au angalau ghorofa ya pili. Komeo alifikiria neno "duni," na mdomo uliolitamka, na kile kikombe. Alisimama taratibu, kama mtu anayepanda ngazi akikiepuka kipandio kibovu.

"Masjala yangu haijapoteza faili hata moja," alisema. "Toka niingie. Huyu bwana ndiye aliyepotea, miezi mitatu anahangaika na likizo za marehemu."

Watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka. "Jibu swali. Faili la Tangi la Pili lipo?"

"Rafu ya kumi na moja, safu ya tatu. Jalada la kijani. Folio mia moja na nne. Folio ya tisa ina doa la chai, si langu."

Meneja alifumba macho. Mwenyekiti aliahirisha shauri kwa saa moja, akamtuma karani wa kamati aende na Komeo. Walirudi kwa dakika arobaini. Komeo alilibeba faili kwa mikono miwili, kifuani, na alipofika mbele ya meza ilibidi mwenyekiti aseme mara mbili: "Unaweza kuliachia sasa."

Uamuzi ulitoka siku ileile. Nesi asome faili lote masjalani, siku kumi za kazi, mbele ya mtunza masjala, na apewe nakala za kurasa atakazochagua.

"Asante, mdogo wangu," nesi alimwambia mlangoni. "Umefanya jambo kubwa."

"Sikulifanya kwa ajili yako," alisema Komeo, na ilikuwa kweli tupu.

Jumatatu ndipo alipotambua alichofanya. Nesi aliingia na mto wa kukalia, miwani miwili na daftari la mirabaraba, akapita kizingiti ambacho hakuna mgeni aliyewahi kukipita, akakaa kwenye kiti cha Komeo. Amri ilisema "mbele ya mtunza masjala," basi Komeo alivuta kigoda akakaa mbele yake, hatua moja, akimtazama mikono.

Nesi alilamba kidole, akafunua.

"Mama, usilambe."

"Silambi faili. Nalamba kidole changu."

"Na kidole kinakwenda wapi baadaye?"

Alimletea sifongo ya mihuri. Nesi aliitumia kama mtu anayempa mgonjwa msumbufu anachotaka ili anyamaze. Alifunua na kusoma saa nzima. Kisha, kwenye folio ya thelathini na moja, alicheka.

Komeo alishtuka. "Kuna nini?"

"Hujui?"

"Nijue nini?"

"Kilichoandikwa humu. Hujawahi kulisoma?"

"Mimi natunza. Kusoma ni kazi ya wenye vyeo. Daktari wa meno haulizi meno yametafuna nini."

"Huuliza kila siku," alisema nesi, akageuza faili ili aone.

Ilikuwa barua ya maabara. Sampuli ya Tangi la Pili imekutwa na vijidudu vya kinyesi. Tangi lisafishwe kabla maji hayajafunguliwa tena. Chini yake, kwa kalamu ya meneja: *Imeonekana. Ihifadhiwe.* Chini yake, mhuri wa zambarau, IMEHIFADHIWA, na saini ya Komeo, safi, haijatoka nje ya kisanduku. Folio ya thelathini na nne, vilevile. Folio ya arobaini, vilevile. Barua kumi na moja za maabara, kwa miezi kumi na minne, na kila moja imeonekana, na kila moja imehifadhiwa vizuri sana.

"Unachekea hili?"

"Nilishalia, mdogo wangu. Hiki ndicho kilichobaki."

Aibu ilimjia Komeo, lakini ilikuta wivu umeshakaa kwenye kiti. Alijiona kama mume aliyeishi na mkewe miaka ishirini na sita, halafu mgeni, tena siku ya kwanza, anamwambia: kumbe mkeo anaimba vizuri. Alijua uzito wa lile faili, harufu yake, kamba ilibadilishwa lini. Na mwanamke huyu na mto wake, kwa asubuhi moja, alikuwa analijua kuliko yeye.

Jioni ile, watu walipotoka, alibaki saa nzima akisoma kurasa za mbele. Kesho yake nesi alipofika folio ya hamsini, Komeo alikohoa.

"Subiri ufike hamsini na nane."

"Usinimalizie hadithi!"

"Nakwambia tu. Yuko mhandisi pale, aliandika kwa ukali."

"Wewe jana ulisema husomi."

"Nilikuwa nakagua."

Wakawa wanashindana. Nesi alijua magonjwa, Komeo alijua mwandiko. Yeye ndiye aliyemwonyesha kwamba folio ya sabini na moja iliandikwa na meneja mwenyewe akijifanya mhandisi, kwa jinsi alivyokuwa anazifunga herufi zake kama mtu anayefunga zipu. Nesi aliandika hilo kwenye daftari lake. Komeo aliona uchungu kulitoa, akaona uchungu zaidi alipofikiria angelikaa nalo.

Siku ya tisa nesi alichagua kurasa ishirini na tatu za kunakiliwa. Mashine ya fotokopi ya mapokezi ilikuwa imekufa tangu mvua za mwaka juzi. Iliyobaki ilikuwa moja, ghorofa ya pili, kwenye kiyoyozi.

Komeo alipanda na faili. Skana alikuwa anakunywa kutoka kwenye kile kikombe.

"Liache hapo, Mzee. Njoo saa tano."

"Nitasimama."

"Basi fungua kamba, nipe kurasa."

"Kamba haifunguliwi. Kamba ikifunguliwa, folio zinajua njia."

"Sasa kitabu kizima nitakilazaje kwenye kioo? Kurasa zitainuka!"

"Nitazishika."

Alizishika. Ukurasa kwa ukurasa alililaza faili kwenye kioo, akaubana kwa kidole gumba pembeni, chini kushoto, akageuza, akalaza tena. Mwanga wa mashine ulipita juu ya ukucha wake mara ishirini na tatu.

"Kidole chako kinaingia kwenye picha," alisema Skana.

"Kiache kiingie. Wewe uliona wapi faili likitembea peke yake?"

Skana alikuwa ameagizwa na kamati amalize kabla ya adhuhuri, na hakuwa mtu wa kubishana kwa bure. Alibonyeza. Ndivyo zilivyotoka kurasa ishirini na tatu za kumbukumbu za umma, barua za maabara, maandishi ya meneja, mihuri ya zambarau, na kwenye kila moja kidole gumba kinene chenye wino kwenye ukucha, kimeng'ang'ania.

Nesi alizibandika zote kwenye ubao wa mtaa, pamoja na uamuzi wa kamati, karibu na bomba ambapo watu hupanga ndoo. Ndani ya wiki mbili Tangi la Pili lilimwagwa maji, likasuguliwa, na kilichotolewa ndani yake hakifai kusimuliwa kabla ya kula. Meneja alihamishwa akapewa majukumu mengine, nao waliompa hawakusema ni yapi. Idara ya kumbukumbu iliundwa, na mkuu wake akawa Skana. Masjala ikawa wazi kwa wananchi Jumanne na Alhamisi, na Komeo akapewa barua ya kumwelekeza awapokee kwa bashasha. Aliihifadhi.

Mkewe alisikia habari za kidole kutoka kwa mteja aliyekuja kupima mapazia. Jumapili alichukua ndoo mbili, akamwambia mumewe wakateke maji mtaa wa nesi, kwa kuwa yalikuwa masafi sasa. Komeo alielewa wanakwenda kutazama nini.

Mkewe alisimama mbele ya ubao muda mrefu, akipita ukurasa hadi ukurasa. Hakusoma vijidudu.

"Kidole hiki nakijua," alisema hatimaye.

"Ilibidi. Kurasa zilikuwa zinainuka."

"Zote ishirini na tatu?"

"Zote."

"Baba watoto, miaka thelathini na moja ya ndoa. Mimi umewahi kunishika hivyo mbele za watu?"

Hakuwa anatania, na mara hii hata Komeo aliliona hilo. Watu wa kwenye foleni waligeukia ndoo zao kwa adabu. Alimtazama mkewe, akaitazama mikono yake iliyotobolewatobolewa na pini, na kwa hakika alianza kuunyoosha mkono wake. Ulifika nusu ya njia.

Pembeni mwanaume mmoja, mgeni kabisa, alikuwa ameegemea ubao, ameweka kidole chake juu ya folio ya arobaini, anakiburuta mstari kwa mstari na kusoma kwa sauti.

"Bwana!" Komeo alikuwa ameshamfikia. "Bwana, soma kwa macho."

"Kwani ni lako?" alisema yule mwanaume.

Komeo alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, la kisheria kabisa, limebandikwa hapo hapo ubaoni na mhuri wa kamati juu yake. Hakulisema. Alibaki amesimama karibu mno, akimsikiliza yule mwanaume akiendelea kusoma, akimsahihisha matamshi, huku mkewe nyuma yake akizijaza ndoo zote mbili peke yake.